Miguu ni dawa ya moyo, lakini Likasi haijaipa nafasi

LIKASI – Kila siku ya Mungu, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, barabara za mji zina watu wa aina mbili wanaotoka jasho. Wa kwanza ni vijana wa futingi. Wanatoka Kikula na Panda kwa vikundi, wakiimba na kupiga makofi, viatu vya raba miguuni. Wa pili ni wanaume wa makala. Wanasukuma kinga zilizobebeshwa mifuko mpaka mwenye kinga haonekani nyuma ya mzigo. Lakini pembeni ya barabara, mbele ya malupango, kuna kundi la tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo mawili: watu waliokaa.

Humo mna baba wa zamani wa Gécamines, aliyekuwa akitembea kila asubuhi kwenda kazini, kisha akaachishwa kazi mwaka 2003 pamoja na maelfu ya wenzake. Mna mama aliyekimbia vita, ambaye kwao alitembea kilometa nyingi kwenda shambani na kurudi na kuni kichwani, na leo shamba lake ni sahani ya mihogo anayouza mbele ya mlango. Mna pia kijana wa wewa anayeketi juu ya pikipiki kutoka asubuhi mpaka usiku. Kundi hili ndilo linalostahili kuzungumziwa, kwa sababu moyo wa mtu aliyekaa huharibika kimya kimya.

Kila kartie ya Likasi inajua habari ya mtu aliyelala mzima na asubuhi mdomo umepinda, mkono hauinuki. Au mtu aliyeshika kifua sokoni akaanguka. Kwenye kilio, maneno ya ulozi huanza kabla jeneza halijafungwa. Mjane anatazamwa vibaya, shangazi mzee anahamishwa usiku, ndugu wanaacha kusalimiana. Mara nyingi hakuna aliyemroga mtu yule. Tansio yake ilikuwa juu kwa miaka, mishipa yake ilikuwa imejaa mafuta, na hakuna aliyempima.

Mafuta yanayosafiri ndani ya damu

Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, na sehemu kubwa yake inatengenezwa na ini lenyewe. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na damu, yanabebwa na magari yake maalumu. Moja linaitwa LDL. Linachukua kolesteroli na kuipeleka mwilini, na likizidi linaacha mzigo wake kwenye kuta za mishipa. Jingine linaitwa HDL, nalo linaokota kolesteroli na kuirudisha kwenye ini. Kuna pia trigliseridi, mafuta ya akiba, yanayopanda mtu anapokula kuliko anavyotumia, hasa sukari, pombe na unga mwingi.

Mzigo ulioachwa kwenye ukuta wa mshipa hauumi. Unaweza kukaa miaka ishirini. Siku unapopasuka, damu inaganda juu yake na njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo, misuli ya moyo inakufa. Ikiziba kwenye ubongo, mtu anapooza. Tansio ya juu inaharakisha kazi hiyo, na sigara na ugonjwa wa sukari vinafanya vivyo hivyo.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja linalosemwa sana sokoni. Chupa ya mafuta ikiandikwa kwamba haina kolesteroli, maandishi hayo ni kweli lakini hayasaidii kitu. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Swali ni aina ya mafuta. Mafuta ya ngazi, karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayolifanya ini kuacha LDL nyingi ndani ya damu. Haina maana yatupwe, maana sombe bila mafuta ya ngazi si sombe. Maana yake ni kijiko badala ya kikombe, na kuacha kukaangia tena mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.

Wamasai na mishipa iliyopanuka

Ushahidi mmoja mkubwa juu ya miguu na moyo unatoka hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani George Mann alikwenda kwa Wamasai wa Tanganyika. Alikuta wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho kwa hesabu ya vitabu vya wakati ule kilipaswa kuwaua mapema kwa moyo. Kolesteroli yao ilikuwa chini kuliko ya Wamarekani, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache sana.

Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai, na jambo lililoonekana lilikuwa la kushangaza. Mishipa ya moyo haikuwa safi. Kuta zake zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri ya umri, hata damu ikaendelea kupita bila shida. Mann aliona sababu ni mwendo: watu wale walitembea nyuma ya ng'ombe siku nzima, maisha yao yote.

Si wote waliokubaliana naye. Wanasayansi wengine walionyesha mwaka 1971 kwamba miili ya Wamasai ina uwezo mkubwa wa kupunguza kolesteroli inayotengenezwa ndani wakati chakula kinapoleta nyingi. Lakini hoja ya mwendo haikufa. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Julia Mbalilaki walipima Watanzania 985: Wamasai, wakulima wa vijijini na watu wa mjini. Wamasai walitumia nguvu ya kalori 2,565 kwa siku zaidi ya ile ambayo mwili unahitaji ukiwa umelala. Wakulima walitumia 1,500. Watu wa mjini walitumia 891 tu. Na ingawa Wamasai wengi walikula mafuta mengi, damu yao ilikuwa na hali nzuri kuliko ya watu wa mjini.

Tarakimu hizo tatu zinaisema habari ya Likasi. Mtu aliyetoka Mitwaba, Pweto au Kivu alikuwa mtu wa 1,500. Akifika mjini na kuketi, anakuwa mtu wa 891, lakini bukari yake haipungui kwa kadiri hiyo pale inapopatikana.

Kuhama kunaingia mpaka ndani ya damu

Familia za wakimbizi wa ndani zinajua zilichopoteza: nyumba, mbuzi, mazao, makaburi ya wazazi. Kuna kitu kingine ambacho hakihesabiwi katika orodha za misaada. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Tansio ya waliohama ilipanda upesi baada ya kufika mjini, bila kungoja uzee. Chumvi katika mikojo yao ilikuwa nyingi zaidi, madini ya potasiamu yatokayo kwenye mboga na matunda yalipungua, na hata moyo wao ulipiga haraka kuliko wa wale wa kijijini.

Watu wale hawakuwa wamekimbia risasi. Walikwenda kutafuta kazi. Mama aliyetembea usiku na watoto, ambaye leo analala kwa wasiwasi katika chumba cha kukodi, ana sababu zaidi za moyo wake kwenda mbio.

Mwaka 2020 utafiti mwingine juu ya Waturkana wa kaskazini mwa Kenya ulionyesha jambo linaloleta matumaini. Waturkana walioacha kuchunga na kuanza biashara ndogo vijijini hawakuharibikiwa sana. Shida ilionekana kwa waliohamia mijini: uzito, tansio na mafuta ya damu vyote vilikuwa vibaya zaidi. Na waliozaliwa mjini walikuwa na hali mbaya kuliko waliofika wakubwa. Maana yake kinachoharibu si kabila wala damu ya ukoo. Ni namna ya kuishi, na namna ya kuishi inaweza kubadilishwa kwa sehemu. Tena maana yake watoto wa wakimbizi wanaokulia Likasi wako hatarini kuliko wazazi wao, kama watakua bila kucheza.

Mbio zinafanya nini hasa

Mtu anapotembea haraka, kukimbia polepole au kupiga kinga kwa muda mrefu bila kukatika pumzi, misuli yake inaanza kuchoma mafuta. Ndani ya mishipa midogo ya misuli kuna kimeng'enya kinachopasua trigliseridi ili zitumike, na mazoezi yanakiongeza. Trigliseridi zinashuka, na faida hiyo inakaa siku moja au mbili, kisha inapotea. Ndiyo sababu futingi moja kubwa kwa mwezi haifai kitu kikubwa. Kinachofaa ni kidogo, mara nyingi.

HDL nayo inapanda, ingawa si sana. Uchambuzi wa majaribio 25 uliotolewa mwaka 2007 ulikuta inapanda kwa wastani wa miligramu 2.5 hivi kwa desilita. Ulikuta pia kwamba inahitajika angalau dakika 120 kwa juma, na kwamba urefu wa kila zoezi una maana kuliko ukali wake. LDL inashuka kidogo tu, na zaidi pale uzito unapopungua.

Anayetaka kusema ukweli lazima aseme na hili: kwa kolesteroli peke yake, mazoezi ni dawa ndogo. Vidonge vya statini vinashusha LDL kwa theluthi moja mpaka nusu, na hakuna futingi inayofikia hapo. Faida kubwa ya mwendo iko mahali pengine. Tansio inashuka. Sukari inaingia kwenye misuli badala ya kubaki ndani ya damu. Moyo unakuwa na nguvu, unapiga polepole ukiwa umepumzika. Mishipa inajifunza kufunguka. Usingizi unakuja. Mambo hayo yote pamoja ndiyo yanayomlinda mtu.

London ilionyesha hivyo zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Wote walifanya kazi katika basi moja. Dereva aliketi, kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Vijana wa wewa wa Likasi waisikie habari hiyo.

Mwenye kinga ya makala atasema nini?

Hapa mwenye kinga ya makala ana haki ya kuuliza: kama jasho ni dawa, mbona yeye hana afya? Mchimbaji wa mkono anayeingia shimoni atauliza vilevile, na mama anayeponda mawe pia.

Swali lao ni la haki. Utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliotolewa mwaka 2021 juu ya watu zaidi ya 104,000, ulikuta kwamba mwendo wa wakati wa mapumziko unapunguza magonjwa ya moyo na vifo, lakini kazi nzito ya mwili haipunguzi. Kwa wale wenye kazi nzito sana hatari ilikuwa juu zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba anayebeba mzigo mzito saa nyingi anapandisha tansio yake saa zote hizo, na hapati siku ya kupumzika. Zoezi linaujenga moyo wakati wa kupumzika baada yake. Asiyepumzika hajengwi, anachakaa.

Kwa hiyo mtu asimwambie msukuma makala akakimbie jioni. Dawa yake ni mzigo mdogo zaidi, maji, chakula na siku moja ya kulala. Na anayekula mara moja kwa siku hahitaji kuhubiriwa futingi. Kwake chakula ni kwanza. Familia za wakimbizi zinazogawana bukari na majani ya mboga bila samaki hazina shida ya mafuta kuzidi. Lakini hata kwao tansio inapanda, kwa sababu ya chumvi, vikaragosi vya kuungia mchuzi na huzuni. Kutembea polepole nusu saa na jirani hakutoi njaa, lakini kunatoa mtu ndani ya chumba, na hilo si jambo dogo kwa aliyefiwa au kunyang'anywa.

Kuna na upande wa pili wa kosa: wanaofikiri wakikimbia wamekingwa na kila kitu. Mmarekani Jim Fixx aliandika kitabu mwaka 1977 kilichowatoa mamilioni ya watu nje kukimbia. Mwaka 1984, akiwa na miaka 52, alianguka akikimbia, akafa. Mishipa yake ya moyo ilikuwa imeziba kwa mafuta. Baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Pengine mbio zilimpa miaka zaidi ya ile ya baba yake, lakini hazikufuta urithi wake, wala sigara alizovuta ujanani. Na Wakongo wanaopenda mpira hawajamsahau Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyekufa uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003. Yeye alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo ambao haukujulikana.

Mtu mwenye maumivu ya kifua akipanda mlima, anayekatika pumzi kwa kazi ndogo, aliyewahi kuzimia, au ambaye ndugu zake walikufa ghafla wakiwa vijana, aanze kwa muganga kabla ya barabara.

Mji ufanye nini

Vijana wa futingi wanajitahidi, lakini wanakimbia pamoja na malori. Barabara ya taifa kati ya Kolwezi na Lubumbashi inapita Likasi, na malori ya madini hayajui siku ya Mungu. Wakati wa kiangazi vumbi lake linaingia mapafuni mwa anayekimbia kuliko mwa aliyekaa, maana anayekimbia anavuta hewa nyingi. Mama mwenye miaka 55 hawezi kutembea hapo kwa amani. Basi anakaa, halafu anaambiwa ni mvivu.

Wakubwa wa mji wanaweza kufanya jambo moja lisilohitaji bajeti ya kutoka Lubumbashi: kuchagua barabara moja katika kila komini, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, na kuifunga kwa magari kila siku ya Mungu kutoka saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi. Bogotá, Colombia, inafanya hivyo tangu 1974. Addis Ababa ilianza Desemba 2018. Polisi wawili na mbao mbili zinatosha. Uwanja wa Kikula nao ufungue mlango wake saa hizo kwa wasio na timu: wazee, wamama, watoto wa wakimbizi.

Jambo la pili ni mashine ya tansio. Kipimo cha kolesteroli kinahitaji laboratware na pesa ambazo wengi hawana. Kipimo cha tansio kinahitaji dakika tano. Siku ya posho, salongo ikiisha, watu wako tayari pamoja na koleo mikononi. Muuguzi mmoja na mashine moja hapo wangeona watu wengi kuliko wanaoingia kituo cha afya kwa mwezi. Makanisa yanaweza kufanya hivyo baada ya ibada. Na atakayekutwa na tansio ya juu asiishie kuambiwa akimbie. Apelekwe kwa muganga, apewe dawa, na aambiwe wazi kwamba dawa ya tansio haiachwi siku mtu anapojisikia vizuri.

Jambo la tatu liko mikononi mwa wakaaji wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri kwa mtu mzima. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kadiri maana yake mtu aweze kusema lakini asiweze kuimba. Vijana wanaoimba katika futingi bado wana nguvu ya kuongeza, lakini mzee asiwafuate. Aliyekaa miaka kumi aanze na dakika kumi kwenye njia tambarare, aongeze kidogo kidogo kila juma, aache milima ya Likasi kwa mwezi wa pili. Atoke asubuhi na mapema, mbali na barabara ya malori. Viatu si lazima viwe vya bei.

Mwenyeji anayetoka kutembea apige hodi kwenye lupango la jirani aliyekuja juzi kutoka vitani. Mkimbizi haijui njia ya mji, anaogopa kuulizwa anatoka wapi, na mara nyingi hatatoka peke yake. Wakitembea wawili, mmoja anajifunza mji na mwingine anasikia habari, na mioyo yote miwili inafanya kazi iliyoumbiwa.

Siku moja mtu ataanguka tena katika kartie, maana hakuna mwendo unaozuia kifo. Lakini kama tansio yake ilikuwa imepimwa, na kama ndugu zake wanajua kilicho ndani ya mishipa, huenda kwenye kilio kile hakuna mjane atakayetazamwa vibaya. Hilo peke yake lingetosha kufunga barabara saa mbili kwa juma.